Mtutu wa Akiba

Molo,
Jumatano.

Kwako dadangu Cheruto,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto hapo Njoro hamjambo, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Viazi tumevuna, ingawa jalidi iliunguza majani mapema.

Uliponipigia ukaniomba nisimame kanisani Jumamosi niwaeleze watoto jinsi baba yao alivyokufa, nilikubali haraka nikakata simu. Lakini kabla ya siku hiyo lazima nikuandikie haya.

Unajua mimi na mumeo Kiprugut jeshini tulipewa rashasha moja. Mimi namba moja, mfyatuaji. Yeye namba mbili, mbeba risasi na mtutu wa akiba. Ile bunduki ilikuwa na umri kutushinda sote. Sajini Njuguna wa ghala la silaha alitusimulia kwamba ilishakimbizana na wezi wa mifugo kaskazini, ikaenda kulinda amani nchi mbili, na haijawahi kumwangusha mtu wake. Shemeji alikuwa akisema huyu ni mathe, mama yetu, heshima kwanza.

Asubuhi ile ng'ambo ya mpaka walitujia kutoka pande tatu. Peterson, dereva wetu, alipigwa shingoni akafia kwenye usukani. Nilifyatua mpaka mtutu ukafuka moshi. Niliona watu wakikatwa na risasi viunoni, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Shemeji akaniambia boss, mtutu umechoka, tubadilishe.

Sheria ni moja. Namba moja hutoa kwanza risasi iliyobaki ndani, maana chuma kikishika moto sana risasi hujilipukia yenyewe bila kidole. Akishaitoa ndipo husema "wazi", na namba mbili hujisogeza mbele kuuchomoa mtutu.

Cheruto, nilikuambia aliyemuua ni adui. Nilikudanganya. Nilisema "wazi" kabla sijaitoa, kwa haraka ya kurudi kuua. Shemeji hakuangalia, kwa sababu ni mimi niliyesema. Risasi ilijilipukia ikampata kifuani, akaniangukia magotini, na damu yake ikachemka juu ya chuma. Ripoti niliiandika mimi.

Jumamosi nitakuja. Ukinikubalia, nitasema haya haya mbele ya watoto. Ukinifungia lango, nitageuka bila neno. Ila usiwaambie wewe. Wakitaka kumchukia mtu, wanione uso.

Nisalimie mama.

Ni mimi nduguyo, tumbo moja,
Kibii