Hukuacha Mpira, Baba

Kamwene, Baba.

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe tu. Mama anasema nimwachie Mungu. Nimejaribu, nimeshindwa.

Siku ya kuanua matanga, hapa Kitandililo, nahodha wa timu yenu ya zamani, Mzee Mgaya, alisimama mbele ya watu akasema, "Ngazi aliporudi vitani alikuwa amechoka. Tulimsihi acheze, akakataa." Watu wakasikitika. Mimi damu ikanichemka.

Wewe ukatae mpira! Wewe uliyetoka Matembwe kwa miguu kuja kufanya majaribio Makambako, ukawaruka mabeki wote kwenye kona ya kwanza, wakakubandika jina la Ngazi? Mama anasema ukiruka, mtu aliweza kutafuna muwa akameza kabla hujashuka. Kisha vikaja vita vya Kagera. Ndiyo kwanza ulikuwa umeitwa timu ya mkoa. Ukaenda na mgambo wenzako, ukarudi na kipande cha chuma kwenye paja la kulia.

Uliniambia mara moja tu, tukipukuchua mahindi. Mguu wa kulia uligoma, basi ukajifundisha kurukia wa kushoto, asubuhi kwenye ukungu, ukipiga kichwa tawi la mti wa muwati mpaka paji likachubuka. Ukarudi uwanjani. Mkaenda kucheza Njombe mjini, ukafunga kwa kichwa, bao pekee la mechi. Ukashuka vibaya, ukaanguka, ukalala pale chini unacheka.

Mliporudi, Mgaya akakuita pembeni. "Unatuaibisha ukichechemea. Timu siyo hospitali." Jezi yako akapewa shemeji yake.

Ndivyo "ulivyokataa", Baba.

Nilisimama niyaseme hayo, baba mdogo akanivuta kanga. "Kaa, mwanangu. Kwenye msiba hatugombani." Nikakaa. Baadaye Mgaya akaja nyumbani. Anaandaa bonanza, Kombe la Ngazi, anataka mimi ndiye nikabidhi kombe. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Nitakabidhi ukisema kwanza mbele ya watu kwamba mlimfukuza." Akaondoka. Chai hakuigusa.

Siku ya bonanza nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa nyuma ya goli. Mgaya akashika kipaza sauti, akakohoa. "Ngazi hakuacha mpira," akasema. "Mimi ndiye niliyemwondoa." Nusu ya watu hawakuelewa, wakapiga makofi tu.

Nilidhani hasira ingeisha palepale. Haikuisha! Maneno yale ulipaswa uyasikie wewe, ungali hai. Wewe uliyekaa na redio barazani miaka yote ile, shingo ikikuruka kila mtangazaji aliposema krosi imepigwa. Tulikuwa tunakucheka, mimi na Mama. Leo siwezi hata kuiwasha redio ile.

Na wewe pia nimekukasirikia. Kwa nini kila Jumapili, tukitoka ibadani, ulimpa mkono? "Habari za nyumbani, kapteni?" Kapteni! Hukumtukana hata mara moja, ukaniachia mimi kazi hiyo.

Kombe nililikabidhi, kwa sababu vijana walioshinda hawana kosa. Mgaya aliponinyooshea mkono, niligeuka nikaenda zangu. Mama amenuna mpaka leo, anasema hakunilea hivyo. Labda.

Kesho fundi anakuja kusakafia kaburi lako. Baba mdogo anataka paandikwe "Mchezaji wa zamani". Nimeshamwambia fundi aandike "Mchezaji", basi. Nakuahidi nitasimama pale, iwe baridi isiwe, mpaka saruji ikauke, mtu asiongeze neno.

Lala, Baba.

Mwanao,
Atukuzwe