Chungu Kilichotoka Kizima

Kambi ya chai, Mufindi
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Nakundwa,

Shikamoo dada. Najua hujataka kunisikia tangu ile simu ya Jumanne, lakini mdogo haachi kuamkia kwa sababu mkubwa wake amenuna, kwa hiyo shikamoo tena. Kifua chako kinaendeleaje na ule moshi? Shemeji goti limemwachia, au bado anashuka ngazi za kanisa kwa kukaa kitako? Na maji ya bwawa la ndiva, mmeshapata zamu ya kumwagilia maharage au bado wale wa juu wanayazuia?

Mimi huku mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikisemei. Juzi nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage ya wachuma chai, mzee mmoja akaonja akasema, "Mama Mbonea, leo umetupikia bahari?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikafuta macho kwa kanga.

Nimeamua kuandika maana kwenye simu wewe ukikasirika unakata, na mimi nikiogopa nasema uongo. Nitaufikia huo uongo. Nivumilie, mwandiko wangu unaujua, darasa la nne halikunipa zaidi ya hapa.

Dada, mtoto alinitumia picha za daftari lake la sanaa. Mwalimu wao pale Same aliwaambia kila mwanafunzi atengeneze kazi nne za vitu vya kwao, kisha aandike kila kimoja kimemfundisha nini. Nilizisoma polepole kwa siku tatu, kila nikipata nafasi kati ya chai ya asubuhi na ugali. Nakuandikia maneno yake yenyewe, maana wewe humjui Mbonea akiwa anaandika. Mimi pia nilikuwa simjui.

Kuhusu katani kaandika: "Nilisuka kikapu. Mikono iliniwasha siku mbili. Ukivuta sana inakatika, ukilegeza kikapu kinakaa kama kofia ya mlevi. Nimejifunza kuvuta kwa kiasi." Kuhusu jasi, lile jiwe jeupe la Makanya: "Ni laini, kisu kinaingia kama kwenye sabuni, lakini ukikosea hakuna kurudisha. Nilikuwa nachonga ng'ombe, pembe ikadondoka, nikamfanya punda." Nilicheka peke yangu, dada, ungeniona. Kuhusu waya: "Waya haukusahau ulikokunjwa. Nilitumia waya wa ua la zamani, na kila nilipounyoosha ulibaki na alama."

Halafu udongo. Hapa ndipo penyewe. Kaandika: "Udongo wa huku bondeni ulipasuka mara mbili. Wa tatu niliutoa nyumbani mlimani. Nilipouweka mkononi nilielewa kwa nini mama mkubwa haongei na mtu akiwa anafinyanga."

Mama mkubwa ni wewe, dada.

Yaliyotokea baada ya hapo unayajua kuliko mimi. Alipanda Jumamosi mchana na ndoo, akaingia kwenye shimo letu la udongo, la wanawake peke yao, ambalo hata baba yetu, Mungu amlaze pema, hakuwahi kulisogelea mpaka anakufa. Akinamama wafinyanzi wakamwona anatoka, ndoo kichwani, mtoto wa kiume, na bado akawaamkia kwa adabu zote. Mlipochoma vyungu Jumatano vikapasuka karibu vyote. Na cha kwake kule shuleni, kilichochomwa na watoto wasiojua hata jinsi ya kupanga nyasi za kuchomea, kikatoka kizima. Najua hicho ndicho kilichowauma. Kingepasuka na chenyewe mngesema basi, udongo umejilipiza, yameisha.

Ukanipigia. Ukasema, "Mwanao asikanyage uani kwangu mpaka chungu kile kivunjwe na vigae virudi shimoni." Nikakuuliza nani akivunje. Ukasema, "Aliyemzaa. Mkono wa mama yake, si mwingine. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, au umesahau ulikotoka?" Sijasahau, dada. Nikakuambia shule inafunga Ijumaa, hana pa kwenda ila kwako. Ukasema, "Basi njoo." Halafu ukaniuliza, "Shimo lile alionyeshwa na nani?" Nikasema, sijui.

Najua.

Ni mimi. Alinipigia kwa simu ya mwalimu, akasema, "Mama, udongo umenipasukia tena, nitafeli." Mimi niko hapa na mwiko mkononi, siwezi kumpa kitu, siwezi hata kumshika bega. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni ile njia. Nikamwambia apite chini ya chemchemi, ashike kushoto kwenye mawe mawili, achimbe ule wa kijivu asichukue mwekundu. Nilimwambia kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. Nilifikiri dunia imebadilika, nilifikiri ndoo moja haina neno, nilifikiri, sijui nilifikiri nini. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa.

Na yeye akinamama walipomuuliza alisema kafuata nyayo za mbuzi. Hakunitaja. Mimi mtu mzima nilikuambia "sijui", na mtoto wa kidato cha nne akaubeba mzigo wangu akanyamaza nao.

Jumatano ya kuchoma vyungu ilikuwa ya wiki ya juzi. Jumatano hii, kesho yake baada ya simu yako, nilimwendea msimamizi, nikavua kilemba kabisa, nikamweleza kwamba nina shida ya mtoto. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ningepata cha kumchukia. Alisema, "Mama, likizo yako ya mwaka uliimaliza kwenye msiba wa baba yako. Ukiondoka sasa, jiko nitampa mwingine, sina namna." Na jiko hili ndilo linalomsomesha Mbonea. Nikija kumtetea nampotezea shule, nisipokuja anakosa nyumba. Nimeligeuza hili jambo kila upande kama mtu anayetafuta kishikio cha chungu kisicho na kishikio.

Sikulaumu. Nisikilize hapo, sikulaumu. Nyinyi hamwezi kuchoma tena mpaka shimo litulizwe, na soko halingoji, na wale wajane wawili mnaofinyanga nao hawana shamba. Ningekuwa huko ningekaa upande wenu, pengine ningepiga kelele kuliko wewe. Lakini watu wa mitihani wanakuja kuangalia kazi za watoto baada ya likizo, na mwalimu amesema zikiwa tatu badala ya nne haijatimia. Nilimwambia Mbonea atengeneze kingine kwa udongo wa bondeni. Akaniambia, "Mama, huo wa bondeni nimeshaujaribu. Na huu wa nyumbani sirudii." Kisha akasema, "Mwambie mama mkubwa sikuuiba. Nilidhani na mimi ni wa pale." Nilimwambia vocha inaisha, na vocha ilikuwepo.

Sasa nisemeje. Kama ni mkono wa mama unaotakiwa, wewe ni mama yake. Ulimbeba mgongoni nilipokuwa nimelazwa, meno yake ya kwanza uliyaona wewe, na kwa desturi yetu dada ya mama si shangazi, ni mama. Waulize akinamama kama mkono wako hautoshi. Naamini unatosha. Na uwaombe, kwa jina langu, wasubiri mpaka watu wa mitihani wakione kwanza. Waambie aliyekosa ni mimi na si mtoto, na adhabu ya mbuzi au ya kitu chochote iandikwe juu yangu, nitakapokuja nitailipa nikiwa nimepiga magoti palepale shimoni.

Wakikubali kusubiri na mtoto akae kwako, Mungu awabariki. Wakikataa siwezi kuwalazimisha, mimi ni nani, nipo huku kwenye ukungu nakoroga uji wa watu. Basi Ijumaa mpokee mtoto, aje na chungu chake, ukivunje wewe.

Ila nakuomba mambo mawili tu. Usikivunje mbele yake. Mtume maji au kuni, akirudi akute kimekwisha. Na akikuuliza kwa nini, usiseme ni wewe wala akinamama. Mwambie, "Mama yako ndiye aliyeagiza kivunjwe." Atanichukia, na anichukie. Bora amchukie aliye mbali kuliko anayempakulia makande kila siku.

Nisalimie shemeji na goti lake, nisalimie binti yako wa mwisho anayejifunza kufinyanga, mwambie asiogope kupasukiwa. Wasalimie wale wajane wawili, mmoja mmoja, hata yule aliyesema sikulelewa. Barua hii nimempa mama mmoja wa Makanya anayerudi kwao kesho, ameahidi kuipandisha kwako kabla ya Ijumaa.

Mdogo wako uliyemfundisha kukanda udongo,
Namsifu, mama yake Mbonea