Jirani wa Kiskochi Kanitaja kwa Jina Kwenye Shairi

Bi Mwanakhamis, nakuamkia kutoka Birmingham, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Nakaa ghorofani huku Newtown, na mlango wa pili yupo bibi wa Kiskochi, Jean, ambaye tangu nifike kutoka Unguja amekuwa dada kwangu, ananishikia mtoto nikienda kufanya usafi hospitali, na ana mazoea ya kutunga mashairi, mengine Kiingereza, mengine Kiskochi chao, si ya wafalme wala maua, ni ya watu hivi hivi, muuza maziwa, mwenye kungoja basi. Basi juzi akasoma kwenye ukumbi wa mtaa, ambako kila mwezi watu husomeana mashairi, akaanza na la mama yake aliyekuwa akisugua ngazi za watu huko Glasgow, kisha akasoma langu, kwa jina langu, Bibi, kwamba lifti imekufa na napanda ngazi na mtoto mgongoni, na kwamba naanika nepi huku nalia kwa sababu barua za kwetu haziji. Na Swaran, mama wa Kisingasinga wa ghorofa ya chini, akasimama ubeti ukiwa katikati, ananitazama mimi, anapiga makofi. Kwetu nani asiyejua maana yake? Kwenye taarab mtu akikusimamia hivyo, kijembe ni chako.

Tangu siku hiyo Jean akigonga sifungui, na mtoto nampeleka kwa mtu baki, analia huko mpaka sauti inamkauka. Mume wangu Mbarouk anasema, "Leave it, Shemsa, ni poem tu ile." Yeye hakutajwa. Mie nimeshatunga jibu, mwanafunzi mmoja kanifasiria kwa Kiingereza, na mwezi ujao nitasimama niwasomee: mume wa Jean hayuko melini kama Jean anavyowaambia watu, kamkimbia na mwanamke mwingine. Aliniambia mie peke yangu, tukinywa chai. Nisome?

Shemsa, Birmingham

Shemsa mwanangu, usisome. Jibu hili nimekutumia pia kwa posta ya ndege, maana gazeti letu hufika huko likiwa limechoka.

Pole kwa ngazi na kwa kilio, ugeni ni kazi. Lakini ukumbi wa Birmingham umeupima kwa desturi za kwetu Ng'ambo, Unguja. Swaran anajua nini cha taarab? Kapenda ubeti, kasimama. Kamuulize mwenyewe. Na wewe umeniandikia, wala hukujisikiliza, kwamba Jean alianza na mama yake. Kwetu umemwona nani anayerusha kijembe akamtanguliza mama yake mzazi? Kakuweka ubavuni mwa mamake, nawe unanoa kisu.

Jean naye kakosea, na kwa hilo simtetei. Machozi ya mtu huombewa ruhusa kwanza. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, Kiingereza ulicho nacho kinatosha.

Beti zako zichane leo. Huyo mwanafunzi mwombe anyamaze, kwa kuwa siri imeshamfikia, na aliyempelekea ni wewe. Kisha kagonge mlango wa Jean, usingoje agonge yeye tena. Aliyoyasema juu yako, kila anayepanda ngazi zile alikuwa akiyaona. Ya mumewe hakuna aliyeyaona. Alikuwa na jengo zima la kuwaambia, akakuambia wewe.