Mfano Ulioniomba kwa Insha Yako

Shamba la Kahawa,
Ruiru.
21 Juni, 1959

Mpendwa ndugu yangu Gathogo,

Pokea salamu zangu na za mama. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imepasuka kwa baridi ya mwezi huu. Mama nilimwona nyumbani Jumapili iliyopita; anakohoa asubuhi, lakini anatembea mwenyewe na chakula anamaliza. Natumaini huko Bombay u mzima pia, na kwamba koti la baba bado linakutosha.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Niliisoma mara tatu, nikacheka mara moja. Unasema mwalimu wako ameuliza kwa nini nchi nyingine hutajirika na nyingine hubaki palepale, na unataka niwaulize wazee wa kwetu wanaonaje, upate mfano wa kuandikia insha. Unauliza pia kama ni kweli watu wetu ni wavivu. Ndugu yangu, mimi huinama chini ya mibuni ya mzungu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Swali hilo muulize mtu aliyekaa.

Wazee sikuwauliza. Mfano ninao wa nyumbani kwetu, na wewe mwenyewe umo ndani.

Unajua kwamba mashamba ya huko kwetu Gatundu yamekusanywa. Mtu aliyekuwa na kipande hapa na kingine ng'ambo ya mto anapewa shamba moja mahali pamoja, na jina lake linaandikwa kitabuni. Yale matooka, maua ambayo babu aliyapanda mpakani na ambayo mtu aliogopa hata kuyakanyaga, yaling'olewa asubuhi moja yakatupwa njiani. Mbuzi waliyanusa wakayaacha.

Kamati ya wazee wa kugawa mashamba ilipofika kwenye vipande vyetu mama alikuwepo. Lakini desturi unaijua: mwanamke hasemi habari za ardhi mbele ya wazee, husemewa na mwanamume wa mbari yake. Baba alikwisha kufa kizuizini, na wewe uko ng'ambo. Basi akasimama baba mdogo Muigai, ambaye kwa desturi hiyo hiyo ndiye baba yetu sasa. Mzee mmoja akamuuliza anasema kwa idhini ya nani. Akatoa barua yako.

Ndiyo, ile barua. Mimi nilikuwa nimekuomba uje, au umwandikie mkuu wa wilaya kwamba shamba ni la mama mpaka urudi. Ukaona ni kumvunjia baba mdogo heshima. Ukamwandikia yeye, tena kwa Kiingereza ili aone umesoma, kwamba unamkabidhi ardhi yote ya nyumba yetu, na lolote atakaloamua umelikubali. Karani aliisoma kwa sauti, kisha akawaeleza wazee maana yake kwa sauti ya chini. Wazee wakakusifu kuwa kijana mwenye adabu. Mama alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake. Alisikia jina lako tu, akatabasamu. Likaandikwa jina la Muigai.

Nilitoka Ruiru kwenda kumwona karani huyo. Alinijibu bila hasira, akila ndizi.

"Dada, jina likishaingia hiyo mara ya kwanza, haliondoki. Hata kama iliingia kwa uongo. Serikali imesema hivyo ndio watu waache kupelekana kotini."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe hukuwepo, lakini kalamu yako ilikuwepo, na hilo ndilo baya zaidi.

Niliporudi kazini nilimsimulia Tobias, nyapara wetu, mtu wa Nyanza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mtu akisema yeye ni baba yenu, munampatia shamba?"

Nikamwambia ndiyo, kwetu ndivyo.

"Na hiyo shule ya ndugu yako ni ya nini?"

Nikarudi kwenye mibuni. Jibu labda wewe unalo.

Hata hivyo sitakudanganya kwa sababu ya hasira. Mwalimu wako akisema ardhi ikipata mwenyewe nchi huendelea, anasema kweli. Shamba limestawi kuliko wakati wetu. Baba mdogo alikwenda na hati yake akapata mkopo, akapanda mibuni mstari kwa mstari, akachimba mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo. Bwana shamba huleta wageni walione. Andika hivyo kwenye insha. Ila nafasi ikibaki, ongeza kwamba mwenyewe hapatikani mpaka mwingine aondolewe, na anayeondolewa kwa kawaida ndiye aliyekuwa akilima. Siku hizi mama anapalilia mibuni hiyo. Baba mdogo amempa kibarua, na anataka ashukuriwe.

Binti wa shangazi, Wamboi, amejifungua mtoto wa kiume na anakusalimu. Mzee Kagwe hakumbuki tena wewe ni nani, lakini anakusalimu. Baba mdogo naye anasema ukimaliza masomo atakutafutia ukarani katika chama chao cha kahawa. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo nilipomchukia.

Limebaki jambo moja. Mama bado anaamini kwamba siku ile ulituma neno la kumtetea, wazee wakalipuuza. Kila Jumapili anawaambia wanawake wa kanisani kwamba mwanawe anasomea jinsi ya kulirudisha shamba, nao wanaitikia amina. Mimi nimechoka kukaa kando yake nikinyamaza. Mwandikie wewe. Usiandike Kiingereza, andika Kikuyu, umweleze barua yako ilisema nini. Nitapanda basi kwenda kumsomea, na sitaruka neno.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kushika kalamu.

Dada yako, akupendaye bado,

Warigia