Kamau Alitoa Wapi Wimbo wa Kiprono?

Jumatatu. Eldoret kuna baridi ya kukaza meno, mvua haijaacha tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu jana kanisani.

Kuna mtu ananizunguka.

Marehemu kaka yangu Kiprono alikuwa mpiga gitaa wa Ukungu wa Soy, bendi ambayo Kenya hii haikuistahili. Bluzi iliyochanganywa na roki ya kizunguzungu. Gitaa lililia kama fisi aliyemeza redio. Walirekodi albamu moja tu, Ng'ombe wa Samawati, na siku hiyo nilikuwa ndani ya studio nikishika waya uliolegea. Stima ilinipiga wimbo mzima na sikuachilia. Uliza mtu yeyote, ingawa waliokuwepo wote wameshakufa.

Santuri iliyobaki duniani ni yangu. Iko kwa sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwa sweta ya Kiprono, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Gramafoni yangu ilikufa zamani.

Sasa jana, Kamau mwenye duka la hapa kona, ambaye ndiye mpiga gitaa mpya wa kwaya, katikati ya wimbo wa sadaka akaingiza mapigo ya gitaa ya Kiprono. Yale yale. Nywele zilinisimama, na sina nyingi.

Ningesema aliyasikia kwingine. Lakini santuri yangu ina mkwaruzo. Kuku mkubwa kama mbuni aliirukia ikicheza, na tangu hapo sindano ikifika katikati inaruka, inatua mbele.

Kamau aliruka pale pale.

Nani alimfungulia sanduku? Jioni nikamtazama mke wangu, Mama Chebet. Chai yake ilikuwa tamu kuliko kawaida. Mtu mwenye kuficha kitu ndiye huongeza sukari.

"Nani ameingia chumba chetu?"

"Ni wewe, Baba Chebet. Na viatu vya matope."

Leo nikaenda dukani, nikajifanya nanunua kiberiti. Nikamwuliza Kamau, ile kitu ya jana umetoa wapi?

Akacheka. "Mzee, si ni yako! Kila asubuhi ukipeleka maziwa unapita hapa ukipiga mluzi. Mimi napanga mkate nasikia. Hata hapo katikati unaporuka, nilidhani ndiyo staili."

Nililipa nikaondoka, kiberiti nikakiacha.

Zizini nikapiga mluzi polepole, nikitaka kuweka sauti zinazorukwa. Nikafika hapo, nikaruka. Nikarudia. Nikaruka. Ng'ombe wakaacha kutafuna.

Miaka yote nimesema najua kila kitu alichopiga kaka yangu. Hapo sipajui.

Nimekuwa nikipiga mluzi wa kuku.

Saa hizi Kamau ametoka hapa, alikuwa ameniletea kiberiti. Sijui ilikuwaje nikamwambia yote. Akasema kuna fundi wa redio mjini mwenye gramafoni nzima, na santuri ukiizungusha kwa mkono, polepole, sindano huenda isiruke. "Mzee, kaka yako bado yuko hapo chini ya mkwaruzo."

Mbona anataka kusaidia hivyo? Huyo fundi ni nani yake? Na je, kama hapo chini hakuna kitu?

Kesho tunaenda. Watasimama kando, wote wawili. Wa kuizungusha ni mimi.