Fundi Aline na miamba ya Ubwari

Dada Neema, pole na hofu ya huko Bukavu. Mimi ni mzima. Vita vimefunga barabara, kwa hiyo nilivusha wagonjwa kwa boti kutoka bandari ya Kalundu kuelekea kusini. Kabla hatujaondoka, fundi Aline akapima GPS ya boti yetu. Mashine yake inaiga mawimbi ya satelaiti: kifaa kiko mezani, lakini kinaamini kinasafiri ziwani. Alipokifikisha kwenye miamba ya Ubwari, iliyo njiani mwetu, kikaonyesha maji tupu, bila mwamba wowote. Akakikataa.

"Minye najua hii ziwa," nahodha wetu akabisha.

"Hata mu ukungu? Weye uko na wagonjwa!" Aline akamjibu.

Akampa kingine alichokipima. Ukungu ulitufunika kweli, lakini tukapita Ubwari salama. Tuliporudi, nahodha mwenyewe alimletea Aline vifaa vya manahodha wenzake avipime.

Wabusu watoto, Mungu awafunike.
Mdogo wako, Furaha