Kidonda Nilichokuficha

Mama Ezra mpendwa,

Mwakeye, hamjambo hapo Kitahana? Huku Kasulu mvua haikatiki na baridi ni kali, lakini mguu wangu haujakatwa.

Leo muuguzi amenitibu mara ya tatu. Ananitoa damu mkononi, anaizungusha kwenye mashine, kisha yale maji ya njano yanayojitenga anayapaka kwenye kidonda. "Yana vitu vinavyochochea nyama mpya iote," alinieleza. "Ila sukari ikipanda, tunafanya kazi bure." Basi ndizi mbivu nimeziacha.

Kitanda cha pili yupo mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Sukari hiihii ilimfanya akatwe mguu mwaka jana. Bandeji yangu ilipofunguliwa, aliomba asogezwe aone. Nikaona aibu, maana unyayo bado unanuka. Yeye akainama kabisa.

"Papa, iko nafunga," akasema. "Angalia pembeni, nyama iko nyekundu." Kisha akanitazama usoni. "Mimi nilificha yangu chini ya kitenge mpaka ikaoza. Bwana yangu alijua siku ya kukatwa."

Mke wangu, nilikwambia kidonda kilianza wiki ile tuliyosafiri kuja hospitali. Si kweli. Mwiba ulinichoma tukipalilia maharage, na kwa kuwa sikusikia maumivu, nilivaa soksi miezi miwili usione. Niliogopa utalia. Nisamehe.

Wabusu watoto. Msiende shambani pekupeku.

Mumeo akupendaye,
Elikana